Jina Nyuma ya Picha

Duka lenyewe halikuwa na jina. Lilikuwa nalo mpaka Februari, halafu fundi wa rangi akaitwa, akapanda ngazi na mkebe wa rangi nyeupe, akalifuta. Tangu siku hiyo ubao ulio juu ya mlango, orofa ya kwanza ya jengo moja nyuma ya soko la Kitengela, ulikuwa mweupe pe kama shati la mtoto siku ya kwanza ya shule. Ukitaka kujua humo ndani kunauzwa nini, ilibidi uchungulie mwenyewe, na watu wa Kitengela wana haraka zao, hawachungulii.

Kivuva alichungulia Jumatatu moja ya mwezi wa Mei, laptop kwapani.

"Hodi wenye meza! Fundi wa mtandao amefika. Ficheni vitu vya thamani."

Zipporah, mwenye duka, hakucheka. Aliinua macho, akavuta kiti cha plastiki, akamwonyesha akae. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, na alikuwa ameacha kazi ya cherehani katika kiwanda cha nguo Athi River ili akae hapa katikati ya rafu za ludo, drafti, chesi, kadi, na zile mbao ndefu zenye safu mbili za mashimo ambazo Wamaasai huziita enkeshui. Kwenye enkeshui unacheza na mawe madogo, lakini mawe hayo hayaitwi mawe. Yanaitwa ng'ombe. Unayachunga shimo hadi shimo, unamnyang'anya mwenzako yake, na ukimaliza zizi lake umemaliza mambo.

Mbao hizo zote zilichongwa na mdogo wake Zipporah. Kivuva alimjua vizuri. Kwa miaka miwili, kila alasiri ambayo hakuwa na kazi, na alasiri hizo zilikuwa nyingi, alikuwa akipanda ngazi hizi kuja kufungwa. "Wewe Mkamba huwezi kuchunga ng'ombe hata za mawe," kijana huyo alikuwa akimwambia, huku akimwachia zizi tupu. Na Kivuva alikuwa akijibu, "Mimi ninakulisha tu, unenepe, nikuchinje Krismasi." Krismasi ilifika, hakumchinja. Februari lori la mchanga likamkuta Barabara ya Namanga akiwa kwenye pikipiki, na ndipo duka likapakwa rangi nyeupe.

"Nataka websaiti," Zipporah alisema. "Watu wanunue hata wakiwa mbali. Wewe si unatengeneza?"

"Nimetengeneza tatu. Ya saluni, ya mtu wa matangi ya maji, na ya kanisa. Ile ya kanisa pasta aliweka picha zake kumi na saba, ya Yesu moja." Alifungua laptop, akavuta kalamu nyuma ya sikio. "Haya. Jina la duka?"

Zipporah aliangalia ile kalamu.

"Andika Meza ya Michezo."

"Zippy, hiyo ni kama kumwita mtoto Mtoto."

"Andika hivyo."

"Lakini watu wanalijua kama Kwa Par—"

Mkono wa Zipporah uliinuka haraka, kiganja wazi, kama mtu anayesimamisha gari. Aliangalia mlangoni, utadhani mama yake amesimama pale kwenye ngazi, ilhali mama alikuwa kwake nje ya Kajiado, karibu kilomita hamsini kutoka hapo.

"Sikia," alisema, sauti chini. "Watu wengi wameacha haya mambo. Hata sisi kwa programu ya mazishi jina liliandikwa, pasta akalisoma. Lakini kaburi lilipofunikwa, mama akasema basi. Kijana akienda bila kuacha mtoto, jina lake linaenda na yeye. Hatuliiti tena. Mtoto wa kaka yetu Ezra alikuwa na hilo hilo jina, sasa tunamwita Lemayian. Mtoto wa miaka minne, alilia wiki nzima, hajui ni nani wanamwita."

Kivuva alitaka kutia mzaha hapo, akakosa pa kuutia. Kwao mambo yalikuwa kinyume kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa amepewa jina la babu aliyekufa kabla hajazaliwa, na nyanya yake alikuwa akimwita kwa heshima ya mume: Kivuva kula, Kivuva vaa sweta. Kwao mtu akifa jina lake hurudi mezani kunywa uji. Kulifunika jina chini pamoja na mwenyewe, kwake, ilikuwa ni kumzika mtu mara mbili. Lakini hakusema. Kichwani tu, mahali ambapo hakuna wa kumkataza, alilitaja: Parsaoti. Parsaoti. Parsaoti.

"Sawa," alisema. "Meza ya Michezo."

"Na ifanye kazi, Kivuva. Ezra amenipa mpaka mwisho wa Agosti."

Ezra ndiye kifungua mimba, na chumba kilikodiwa kwa jina lake. Alitaka kuweka duka la dawa za mifugo. Si mtu mbaya Ezra, ila alikuwa na hoja moja, aliirudia kila akija kama mtu anayepiga msumari ulioingia tayari: "Dawa ya kupe inauzika. Mawe ya kuchezea ni nani ananunua?" Kufikia mwisho wa Agosti, kama wateja hawajaonekana, rafu zingeshushwa.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kama maji ya glasi. Duka likionekana mtandaoni, litabaki. Lisipoonekana, kupe wameshinda.

Kivuva alifanya kazi. Watu walimzoea kwa domo, hawakujua kwamba akikaa mbele ya kioo anageuka mtu mwingine, anakunja uso kama karani wa benki. Alipiga picha za ludo na chesi pale kwenye ngazi, saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Alichagua rangi ya udongo. Aliweka kitufe cha kuagiza, namba ya simu, ramani. Picha za mbao za enkeshui alizipata kwenye flashi ya zamani iliyokuwa kwenye droo: Parsaoti akichonga, Parsaoti akipaka mafuta, Parsaoti akicheka na mtu asiyeonekana, ambaye Kivuva alijua ni yeye mwenyewe.

"Uso hapana," Zipporah alisema.

"Nikate?"

Alifikiri. "Acha mikono. Mikono haina jina."

Basi akakata. Picha tisa, zote mikono: mikono na patasi, mikono na msasa, mikono ikigawa ng'ombe shimo hadi shimo. Alipomaliza alikaa akiitazama mikono ile mpaka kioo kikajizima.

Tovuti ilifunguliwa wiki ya pili ya Juni. Wiki hiyo waliingia watu kumi na mmoja. Kivuva aliwachunguza mmoja mmoja: sita walikuwa yeye mwenyewe kwa simu na laptop, watatu Zipporah, mmoja alikuwa Uchina na alikaa sekunde mbili, na wa mwisho alikuwa rafiki yake Nick aliyemwandikia baadaye, "Poa msee, lakini inauza nini?"

Wiki ya pili, saba. Wiki ya tatu Mchina hakurudi.

Tatizo alilijua. Ukiandika "michezo ya mezani Kitengela" unaletewa meza. Meza za kulia chakula, meza za ofisi, seremala kumi na wanne wenye meza. Lakini wale waliowahi kununua, na wale waliosikia kwa walionunua, hawakuwa wakiandika hivyo. Waliandika jina. Kulikuwa na ripoti inayoonyesha watu wa eneo hili wanatafuta nini, na humo ndani, mwezi baada ya mwezi, walikuwa wakiuliza: parsaoti games. kwa parsaoti kitengela. enkeshui ya parsaoti iko wapi. Walikuwa wanabisha mlango, na mlango ulikuwa umepakwa rangi.

"Niweke tu mahali padogo," Kivuva alimsihi Zipporah. "Chini kabisa. Herufi ndogo kama za mkataba."

"Hapana."

"Mama yako haoni vizuri. Hatasoma."

"Si mambo ya kuona." Alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu ambayo haikuwa na vumbi. "Jirani ataona. Jirani atasema. Likisemwa mbele yake ni kama… Kivuva, uliona vile alikuwa Machi? Mtu alikuwa anakaa kitandani anangoja pikipiki. Akisikia pikipiki anaamka. Sasa ndio ameanza kula. Hapana."

Kivuva alisema sawa. Alisema sawa kwa mdomo.

Sasa, nyuma ya kila picha kwenye tovuti kuna mstari wa maneno usioonekana. Mgeni anaona picha tu. Mstari umejificha kwenye msimbo, kama bitana ndani ya koti. Mwalimu wa Kivuva, Mhindi mmoja wa kwenye video mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa ameeleza kwamba mstari huo una kazi mbili. Ya kwanza: mashine za kutafutia haziwezi kuona picha, kwa hiyo husoma mstari ili zijue kilichomo. Ya pili Kivuva hakuisikia, kwa sababu bando lilikuwa linaisha na yeye akaruka mbele.

Alasiri moja ya Julai, Zipporah akiwa ametoka kununua sukari, aliandika mistari tisa. Parsaoti akichonga ubao wa enkeshui, Kitengela. Mikono ya Parsaoti na patasi. Enkeshui ya Parsaoti, mashimo ishirini na manne. Akaendelea hivyo picha kwa picha, na vidole vyake vikapata joto kama vya mtu anayesalimiana na mwenzake wa zamani. Kufika ya tisa alikuwa amesahau kabisa habari za mashine. Aliandika: Parsaoti, bingwa, aliyenifunga mara mia tatu.

Kisha akahifadhi, akafunga, na Zipporah aliporudi na sukari akamkuta anapiga mluzi.

"Umefurahi nini?"

"Sukari," alisema Kivuva.

Haikuchukua hata wiki mbili. Simu ya kwanza ilitoka Entarara, mwalimu aliyetaka mbao nane za klabu ya shule. Kisha mama mmoja wa Tuala aliyetaka enkeshui mbili na ludo ya watoto. Kisha mfugaji wa Ewuaso Kedong, aliyezungumza kwa sauti ya mtu anayeshindana na upepo: "Mko? Bado mko? Ee, basi nakuja!" Zipporah alikuwa anaandika maagizo nyuma ya kalenda.

Siku moja akapanda Samatar, mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa na duka mita mia tu kutoka hapo. Alisimama mlangoni akihema, simu mkononi.

"Wallahi nilidhani mmefunga! Napita hapa chini kila siku, naona ubao mweupe, nasema wamekwenda. Juzi natafuta tu kwa simu, naandika jina la yule ndugu yenu, Par—"

Kivuva alikohoa kikohozi kikubwa kiasi cha kumwangusha askari mmoja wa chesi. "Karibu, karibu Samatar! Keti! Chai? Zippy, mpe chai mzee, amepanda ngazi, ona vile anapumua kama trekta!"

"Trekta ni baba yako," Samatar alisema, akacheka, akasahau alichokuwa anasema. Alinunua chesi mbili.

Alipoondoka Zipporah naye alicheka. Haikuwa kitu kikubwa, pumzi mbili tatu puani, lakini Kivuva hakuwa ameisikia tangu Februari.

"Umefanya nini kwa hiyo websaiti wewe?"

"Ufundi na maombi. Zaidi maombi."

"Nimempigia Ezra. Anasema mama akikubali duka libaki, yeye ni nani akatae." Alifuta macho haraka kwa upande wa kiganja. "Jumapili tunaenda kumwonyesha. Na wewe unakuja. Aone mtu amefanya hii kazi."

Kivuva alinyoosha kola ya shati asilokuwa nalo. Alikuwa amevaa fulana. "Mwambie achinje."

Jumapili hiyo ya Agosti upepo ulikuwa unasukuma vumbi chini ya mlango wa nyumba ya mabati, na mama alikuwa amekaa kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono. Macho yake yalikuwa na ukungu wa kijivu, mtoto wa jicho. Kivuva aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa na Parsaoti, na mama akakitafuta kwa kiganja, akakigusa.

"Takwenya, Yeiyo," Zipporah alimwamkia mama yake.

"Iko," mama alijibu. Kisha kwa Kiswahili, kwa heshima ya mgeni: "Huyu ndio fundi? Hii kichwa ni kubwa. Ni akili ama ni nywele?"

"Ni nywele, Yeiyo," Kivuva alisema. "Akili bado nasubiri."

Mama alicheka, Ezra akacheka pia, mtu mnene aliyekaa karibu na dirisha na kofia gotini. Chai ya maziwa ikaja, na mandazi. Kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri mno.

"Yeiyo, leta simu yako," Zipporah alisema. "Nakufungulia duka ulione."

"Mimi nitaona na nini?"

"Si simu yako inasoma?"

Kivuva alikuwa na andazi mdomoni. Alisikia maneno hayo, simu yako inasoma, na hayakumgusa bado. Zipporah aliifungua tovuti, akaiweka simu mikononi mwa mama yake. Mama alipitisha kidole kwenye kioo polepole, kama anapapasa kitambaa sokoni, na simu ikasema, kwa sauti ya mwanamke asiyechoka:

"Meza ya Michezo. Karibu dukani."

"Nasema karibu!" Mama aligeuza uso kwa Ezra, meno yote nje. "Duka nakaribisha mimi!"

Kidole kikashuka. Simu ikasema, "Picha."

Katika ile nafasi ndogo baada ya neno hilo, Kivuva alijua. Alijua kazi ya pili ya ule mstari ni ipi. Aliinuka, kikombe kikamwagika, akanyoosha mkono, lakini meza ilikuwa katikati.

"Parsaoti akichonga ubao wa enkeshui, Kitengela."

Mama hakuelewa mara moja. Tabasamu lilibaki usoni mwake likiwa limesahauliwa pale. Kisha kidole kikaruka kama kimeungua, na kilipotua tena kilitua chini zaidi.

"Picha. Mikono ya Parsaoti na patasi."

"Zima," Ezra alisema. "Zipporah, zima."

Lakini simu hiyo ilikuwa imetengenezwa izungumze inapoguswa, na mama alikuwa anaigusa kila mahali akitafuta pa kuinyamazisha. Alivyozidi kuinyamazisha ndivyo ilivyozidi kusema. Parsaoti akipaka mafuta. Parsaoti akigawa ng'ombe. Zipporah alijaribu kuichukua, mama akaikaza mkononi kwa hofu, vidole vyote kumi kwenye kioo, na sauti ikakatiza maneno, ikabaki na jina tu: Parsaoti. Parsaoti. Picha. Parsaoti. Ezra aliinyakua. Naye vidole vyake vilikuwa vinene, havikujua pa kubonyeza. Akaitia chini ya mto wa kochi, akaukalia. Kutoka chini ya mtu mzima wa kilo tisini, mwanamke asiyechoka akamalizia:

"Parsaoti, bingwa, aliyenifunga mara mia tatu."

Ikanyamaza.

Barabarani mbali pikipiki ilipita. Mama aligeuza kichwa kuifuata mpaka ikapotea, na Zipporah akaweka mkono mdomoni.

"Nani naandika?" mama aliuliza.

Kivuva angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa amemtaja.

"Ni mimi, Yeiyo."

"Dada yake nakuambia uandike?"

"Hapana. Alinikataza."

"Wewe ulikuwa nani yake?"

"Rafiki. Nilikuwa rafiki yake."

Mama alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali jibu la bei. Mikono yake ilikuwa imelala gotini, viganja juu, mahali simu ilikuwa.

"Mimi nilishalaza yeye," alisema. "Tangu Februari mimi nalaza. Kila siku nalaza, anaamka, nalaza tena. Juzi tu ndio yeye nalala." Akasimama, akaupapasa ukuta hadi mlango wa chumba cha ndani. "Mtoto akilala, rafiki yake napita polepole."

Akaingia. Kitanda kililia mara moja.

Nje, nyuma ya nyumba, Zipporah alisimama akiwa ameipa nyumba mgongo, shuka limefungwa mabegani, upepo unalivuta. Kivuva alimfuata, akasimama mbali kidogo.

"Nilidhani ni mashine tu zinasoma," alisema. "Zippy, nakuapia. Sikujua."

"Wale wateja. Mwalimu wa Entarara, Samatar. Wote walikuja kwa hilo jina?"

Alitamani kudanganya. "Karibu wote."

"Kwa hivyo si maombi."

"Hapana."

Zipporah alilikaza shuka mabegani. Mbuzi wawili walikuwa wanagombania gunia tupu.

"Toa," alisema.

"Nikitoa, duka limekwisha. Unajua hivyo? Agosti inaisha. Naweza kutengeneza simu ya mama isisome, kuna njia, naweza kufungia hiyo namba—"

"Toa, Kivuva."

"Alikuwa wangu pia!" Ilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, mbuzi wakainua vichwa. "Nyinyi mko na kaburi. Mko na flashi. Mimi niko na nini? Siwezi hata kumtaja nikija kwenu kunywa chai."

Zipporah aligeuka. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Najua alikuwa wako," alisema. "Duka ni langu, na mimi pia nalipenda. Lakini huyo mama ako ndani anaanza tena kutoka mwanzo. Ile kazi ya miezi sita. Utamkalia wewe usiku? Utampikia uji akikataa kula? Toa."

Alitoa siku hiyo hiyo, akiwa amekaa kwenye jiwe nje ya nyumba, laptop gotini, mtandao wa kuazima kwa simu ya Ezra. Alifuta mstari baada ya mstari. Ule wa tisa aliusoma kwanza kwa macho, bila kusogeza midomo.

Alidhani hapo ndipo mwisho. Kumbe mtandao hausahau kwa kuambiwa mara moja. Kesho yake alipoangalia, jina lilikuwa bado linaleta duka. Mashine zilikuwa zimeshika nakala zao. Alituma maombi zije zisome upya. Na ili ajue kama zimesoma, hakukuwa na njia nyingine: kila asubuhi ilimbidi aandike Parsaoti kwenye kile kisanduku cheupe, herufi nane, abonyeze, aone kama bado yupo. Jumanne, yupo, wa kwanza. Ijumaa, yupo, wa nne. Watu wote waliomjua walikuwa wameacha kulitaja jina hilo, ila huyu mmoja aliyekuwa analiandika kila siku ili lipotee.

Simu za wateja zilipungua kwa mwendo ule ule. Wa nne, simu mbili kwa siku. Ukurasa wa pili, moja. Kisha simu ya duka ikawa inalia tu wakati Ezra anauliza hali ya mama. Mama alikuwa amerudi kukaa kitandani. Chai alikuwa anakunywa ikipoa. Pikipiki zikipita, alikuwa anaamka.

Siku ya mwisho ya Agosti, kabla ya adhuhuri, watu wa Ezra walileta katoni za dawa ya kupe, wakazipanga kwenye ngazi. Ndani Zipporah alikuwa anatia mbao za enkeshui kwenye magunia, mbili mbili, tumbo kwa tumbo, akizitenganisha kwa magazeti. Ng'ombe zote, yale mawe, zilikuwa zimekusanywa kwenye ndoo moja.

Kivuva alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaandika jina. Akaja kijana mkimbiaji mwenye jina hilo. Akaja mtu wa kuuza viwanja. Kikaja chama cha akina mama cha mahali fulani mbali. Alifungua ukurasa wa pili, wa tatu, akaenda hadi wa tisa, polepole, akisoma kila mstari, kama mtu anayetumaini asipate na anayetumaini apate.

"Imeisha?" Zipporah aliuliza bila kugeuka.

"Imeisha."

"Kabisa?"

"Hayuko."

Alifunga fundo la gunia, akalijaribu, akalifunga tena. "Asante," alisema. "Nitamwambia mama."

Kivuva alifunga laptop. Akashika upande mmoja wa rafu ya chesi, Zipporah akashika wa pili, wakaiinua na kuanza kuiteremsha ngazi, Kivuva akiwa chini akirudi kinyumenyume, akipapasa kila kidato kwa mguu kabla ya kukikanyaga.